Libaya Yangu Langoni

Katika mwezi wa tisa wa mimba yangu ya kwanza, mji wetu mzima wa Baraka uligeuka kuwa daktari wangu. Muuza nyanya alinikataza kusimama. Jirani alinikataza kukaa. Mama mmoja wa kwaya, ambaye sijawahi kumwomba hata chumvi, alinisimamisha njiani, akalipapasa tumbo langu kama anayechagua papai, akatangaza kwamba ni mvulana na kwamba nisiende mbali na nyumba. Nilikuwa nimewachoka wote. Mimi si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, na hata mara moja hunikera. Nilichotaka mwezi ule ni kimoja tu: nimwone mdogo wangu akisimama langoni kwenye fainali ya mpira ya wasichana, Baraka na Nundu, Jumapili alasiri, nami nimekaa mbele kabisa na tumbo langu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na saba, na mikono mirefu kuliko ya mtu yeyote nyumbani kwetu. Watu walipenda kumuuliza nani alimfundisha kudaka, naye alicheka tu, kwa sababu jibu lilikuwa baba, na baba mwenyewe hakutaka kulisikia. Kanisa letu lilipokuwa linajengwa, baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alisimamia kazi ya matofali. Tulijipanga mstari kutoka tanuri hadi ukutani, tukarushiana tofali moja moja. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na miwili, na alisimama mwisho kabisa, chini ya ukuta. Baba alimwelekeza mwenyewe: tofali usilingoje, lipokee, mikono miwili, kifuani, kisha rudi hatua moja nyuma lisikuumize. Ukuta uliisha, kanisa likaezekwa, yeye akaendelea kudaka. Ila sasa ilikuwa mipira.

Baba hakuwa na ugomvi na mpira. Ugomvi wake ulikuwa na kaptula. Binti wa mzee wa kanisa, mapaja nje, mbele ya watu wote wa Baraka! Kwa miaka miwili hakukanyaga uwanjani. Mtu akimsifia yule golikipa hodari, baba alimsalimia, akamuuliza hali ya mihogo yake, akapita. Ni baba mpole, hapigi kelele, na hilo ndilo lililotushinda, kwa sababu mtu anayepiga kelele unaweza angalau kumjibu.

Kisha kocha, ambaye ni mwalimu wa kike, alileta karatasi nyumbani. Timu ya wasichana ya jimbo ilikuwa inakusanya wachezaji Bukavu, na mdogo wangu alikuwa ameitwa, mradi mzazi atie sahihi. Baba aliisoma mara mbili, akavua miwani.

— Kintu sijaona na macho yangu, siwezi kukikatia maneno, alisema. Ntaenda ku fainali. Nikisha kuona, ntasaini ao ntapasula.

Aliikunja ile karatasi akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, kitabu akakitia mfukoni mwa koti la Jumapili, koti akalitundika kwenye msumari. Kwa wiki mbili mdogo wangu alikula chakula chake akilitazama lile koti. Kwa watu wengine, fainali ilikuwa ya kombe. Kwetu sisi ilikuwa ya karatasi.

Mimi niliamua kusaidia, na hapo ndipo nilipoharibu.

Jumamosi asubuhi nilimwambia mdogo wangu apumzike, mimi nitamfulia jezi. Ilikuwa jezi nyekundu ya golikipa, na timu haikuwa na nyingine. Wanawake wa Baraka tunafulia ziwani na kuanika popote penye jua: juu ya mawe, juu ya majani, juu ya boti zilizovutwa ufukoni. Wenye boti hawatukatazi. Kuna sharti moja tu, na hata mtoto wa miaka mitano analijua: boti iliyokwisha kufungwa injini, usianike kitu, maana hiyo inaondoka. Mimi injini niliiona. Niliiona vizuri, mpaka rangi yake. Lakini mawe yalikuwa chini na tumbo langu lilikuwa mbele, mgongo ulikuwa umekataa kuinama tena, na kamba ya turubai ya boti ile ilinifika kifuani sawasawa. Nikajiambia ni dakika kumi tu. Nikatundika jezi, nikaketi kwenye kivuli cha boti nyingine, nikafumba macho kidogo.

Nilipoyafumbua, boti ilikuwa mbali ziwani, imeelekea Kazimia, na jezi nyekundu inapepea.

Mume wangu ni fundi wa boti na manahodha wote anawajua. Alipiga simu na kupiga tena mpaka akampata yule nahodha, akaongeza sauti ili nami nisikie.

— Iko hapa! nahodha alisema. Tulizani ni drapo, bendera. Tumeipandisha juu kabisa, inapendeza sana.

— Mutarudi wakati gani?

— Kisha siku tatu.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilimtazama, akaacha.

Sikumwambia mdogo wangu usiku ule, asije akakosa usingizi. Nilimwambia Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, akiwa anajipaka mafuta miguuni. Mimi huniita yaya, dada mkubwa. Aliacha kupaka. Niliona kidevu chake kinacheza.

— Yaya, moteri uliiona?

— Niliiona.

— Na ukaanika?

— Nikaanika.

— Basi usimuambie papa, alisema. Atasema njo Mungu amekatala.

Angenitukana ningeumia kidogo tu, au hata nisingeumia kabisa. Lakini hakunitukana. Alifunga mkoba wake, akaenda kumtafuta golikipa wa timu ya wavulana amwazime jezi, na mimi nikabaki nimeshika mlango, najichukia.

Baada ya ibada tulikwenda uwanjani familia nzima. Baba alitangulia na koti lake, mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Mama alifuata na karanga na maji. Mume wangu alibeba kiti changu cha plastiki kichwani. Asubuhi alikuwa ameegesha pikipiki nyuma ya mahali tutakapokaa, imeelekezwa kwenye barabara ya maternite, hospitali ya uzazi, tangi limejaa. Kila baada ya dakika tano aliniuliza, mimi sheri wake, mpenzi wake:

— Sheri, iko nauma?

— Iko nauma masikio, nilimjibu.

Mimi nilivaa libaya mpya. Libaya ni blauzi ya kitenge, na hii fundi wa sokoni alinishonea makusudi kwa siku ile: rangi ya chungwa, pana kiasi cha kuingiza nusu ya kwaya, mikono imevimba mabegani, shingo ina lesi nyeupe. Ndani yake, kwa kuwa nguo zangu zote zilikuwa zimenikataa, nilivaa singleti kuukuu ya mume wangu yenye matundu. Sikujali. Nani angeiona?

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona pale. Malori yalileta watu wa Fizi na Kilembwe. Wengine walitoka Lulimba na vumbi lao lote. Nundu walikuja na ngoma. Tulipata nafasi mbele, baba akakaa viti viwili kutoka kwangu pamoja na wazee wenzake, mikono magotini.

Timu ziliingia. Baraka kijani, Nundu nyeupe. Na mdogo wangu nyuma, na jezi aliyoazimwa. Mwamuzi alimwita, akaishika ile jezi kwa vidole viwili.

— Hii ni nyeupe.

— Ilikuwa rangi ya majivu, kocha alisema.

— Ilikuwa, mwamuzi akasema. Sasa ni nyeupe sawa ya Nundu. Mutafute rangi ingine. Dakika kumi. Mukikosa, munapoteza mechi.

Kocha alizunguka. Wachezaji wakazunguka. Kila mtu mwenye fulana aliulizwa: nyeupe, kijani, nyeupe, nyeusi, na nyeusi ilikuwa ya mwamuzi. Mdogo wangu alisimama katikati ya goli peke yake, mikono imening'inia. Hakunitazama mimi. Alilitazama koti la baba.

Sikumbuki kufikiri. Nakumbuka nimesimama, kiti kikanifuata kwa sababu kilikuwa kimenibana, mume wangu akakivuta, nami nikaanza kufungua vifungo vya libaya.

— Sheri! Inaanza?

— Funga kinywa na ushike kitenge hapa, unikinge.

Mama alielewa mara moja. Alinizungushia kitenge, nikaivua libaya, nikampa kocha, kocha akakimbia nayo. Mwamuzi aliigeuza mbele na nyuma. Akauliza namba iko wapi. Muuguzi aliyekuwa pale kwa ajili ya wachezaji alikata vipande vya plasta nyeupe, akabandika mstari mmoja mrefu mgongoni. Namba moja. Mwamuzi akatazama saa yake, akasema sawa.

Mdogo wangu alipotoka ameivaa, uwanja mzima uliangua kicheko. Libaya ilimfika magotini, ikafunika kaptula yote. Mabega yamevimba, lesi shingoni. Watu wa Nundu walipata wimbo papo hapo: mama golikipa, unazaa leo, mama golikipa, unazaa leo! Nilitaka kwenda kuwapiga mmoja mmoja.

Mama alimgeukia baba, na mama anapotaka kuchoma hapandishi sauti.

— Miaka mibili unalia juu ya kaptula. Leo mutoto amevaa libaya. Unataka nini tena?

Baba alisimama, akavua koti. Alikuja hadi kwangu ameelekeza uso upande wa ziwa, kwa heshima, asinione na singleti ile ya matundu, akalinyoosha koti kwa mkono mmoja.

— Vaa hii, mama. Kuko upepo.

Hakukuwa na upepo hata wa kupeperusha unyoya. Nililivaa. Mfukoni kitabu cha nyimbo kilinigonga ubavuni, na ndani yake, nilijua, ile karatasi.

Mechi ilianza, na kwa nusu saa nilijiona mtu mwenye akili. Baraka walifunga mapema, kichwa cha nahodha wao, na mdogo wangu alidaka kila kilichokuja. Kisha mshambuliaji wa Nundu alipiga shuti la chini, hata halikuwa kali. Mdogo wangu aliruka, libaya ikapanda ikamfunika uso, mpira ukapita chini ya chungwa lote lile. Goli. Alikaa chini akitoa lesi mdomoni. Ngoma za Nundu hazikunyamaza mpaka mapumziko.

Goli lile nilifungwa mimi. Hakuna atakayeniambia vinginevyo.

Wakati wa mapumziko alikuja kwenye mstari, macho mekundu.

— Yaya, nguo yako ni kubwa.

— Tumbo langu njo kubwa. Nguo haina kosa. Kuya hapa.

Nilikuwa nimevaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine. Cha juu kilikuwa kipya. Nilikuwa nimekinunua na kukitunza kwa ajili ya kumbebea mtoto mgongoni, na siku ile nilikivaa kwa maringo tu. Nilikifungua, nikauma ukingo kwa meno, nikakichana.

— Iyo ni ya mutoto! mama alipiga kelele.

— Mutoto atanipa ruhusa.

Nilikata ukanda mpana, nikamfunga kiunoni, nikakaza mpaka akaguna. Nikakata viwili vyembamba, nikamfunga mikono juu ya viwiko ili mabega yale ya maringo yakae kimya. Nilipomaliza, nilimshika mashavu. Nilitaka kumwomba msamaha, yakatoka maneno ya baba.

— Pokea, nilimwambia. Usingoje.

Alicheka kidogo. Akarudi langoni.

Kipindi cha pili Baraka walipata goli la pili, na watu walianza kuimba kama wamekwisha kulichukua kombe. Ndipo, dakika zikiwa zimebaki chache, beki wetu mmoja alimwangusha msichana wa Nundu ndani ya kisanduku. Mwamuzi aliweka mpira kwenye nukta. Penalti. Uwanja uliacha kuimba. Mtoto tumboni aligeuka mzimamzima, mume wangu akaona uso wangu, akashika funguo za pikipiki.

— Ukinipeleka sasa, tunaachana, nilimwambia.

Nyuma yetu alisimama mwanamume mmoja wa Lulimba, vumbi mpaka kwenye kope. Aliinama, akamgusa baba bega.

— Mzee, ule golikipa wa libaya iko mutoto wa nani?

Nililijua swali lile. Nililijua na jibu lake: salamu, mihogo, njia. Nilikishika kiti kwa mikono miwili. Wazee wenzake baba walikuwa wanasikiliza, mama alikuwa anasikiliza, na yule msichana wa Nundu alikuwa anarudi nyuma hatua tatu, nne, kupiga.

Baba alisimama. Mzee wa kanisa hasimami uwanjani, lakini alisimama.

— Wangu, alisema, kwa sauti ambayo hata kanisani sijaisikia. Ni wangu. Kudaka nilimufundisha mimi, ku matofali. Na libaya ni ya yayake, naye ni wangu.

Alisema hivyo kabla mpira haujapigwa. Huwa nawakumbusha watu hilo kila ninaposimulia, kwa sababu baada ya mpira kila mtu Baraka alikuwa babake.

Shuti lilikuja kali, kulia, juu kidogo. Mdogo wangu hakuupangua. Alitoka hatua moja mbele, akaupokea. Mikono miwili, kifuani, kisha hatua moja nyuma, juu ya mstari wenyewe. Tukashika roho, lakini mpira haukuvuka. Alisimama hapo na chungwa langu na ukanda wa mwanangu kiunoni, ameukumbatia mpira kana kwamba ukuta wa kanisa bado unamngoja.

Nililia kwa sauti. Sioni aibu kusema. Mimi niliyeanika jezi kwenye boti yenye injini nililia mbele ya Nundu nzima, na nilijivuna, kwa ajili yake, kwa ajili ya baba, na kwa ajili yangu pia, kwa nini nisiseme. Mama alimwaga karanga zote.

Filimbi ilipolia, watu waliingia uwanjani. Kombe lilikwenda huku na huku juu ya vichwa, sikuliona vizuri. Kocha alipenya hadi kwetu, anahema, kalamu mkononi. Alimpa baba ile kalamu tu.

Baba alijipapasa kifuani, akakumbuka kwamba koti ninalo mimi.

— Mama, angalia mu mufuko.

Nilitoa kitabu cha nyimbo. Karatasi ilikuwa palepale, imekunjwa katikati ya kurasa. Meza haikuwapo, na watu walikuwa wanatusukuma kila upande, kwa hiyo nilikaa, nikakilaza kitabu juu ya tumbo langu, nikakishika kwa mikono yote miwili, na karatasi juu yake. Baba akainama. Alianza kuandika jina lake polepole, kwa mwandiko ule ule anaoandikia vyeti vya ubatizo. Alipofika katikati, mtoto alipiga teke. Kitabu kiliruka, kalamu ikakimbia, ikaacha mstari mrefu uliopanda mpaka ukingoni mwa karatasi.

Tuliutazama mstari ule sote wanne, na mume wangu wa tano, funguo mkononi. Mdogo wangu alikuwa amefika, jasho linamtiririka, amesimama nyuma ya baba.

Kocha alisema labda aandike upya, anayo karatasi nyingine shuleni.

— Acha, baba alisema. Uyu naye amesaini.

Alimalizia jina lake, akageuka, akamnyooshea mdogo wangu ile karatasi. Naye akaipokea kwa mikono miwili, akaileta kifuani, akarudi hatua moja nyuma.